Ombi la Kufungwa kwa Nyumba ya Utamaduni Iliyopakana na Jiko Langu

Insaf Abdelmawgud,
Mtaa wa Kinu cha Pamba cha Zamani,
Kafr al-Rihan.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni wa Mkoa,

Amani iwe juu yako na rehema za Mwenyezi Mungu.

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho. Najua barua za wananchi huko kwenu husomwa mstari wa kwanza na wa mwisho, kisha huwekewa gilasi ya chai juu yake. Hii nimeiandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa na mistari iliyonyooka, ili msaidizi wako asipate kisingizio.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha ya Kiarabu. Nimefundisha sarufi katika shule ya wasichana ya mji huu mpaka serikali iliponiambia inatosha. Wanawake wa hapa karibu wote wamepita mbele ya ubao wangu, na waume zao nimewafundisha kupitia kwao. Naishi katika nusu ya jumba lililokuwa la babu wa marehemu mume wangu, mfanyabiashara wa pamba. Nusu nyingine serikali iliichukua zamani, ikajenga ukuta wa tofali moja katikati, ikabandika kibao: Nyumba ya Utamaduni. Kwa miaka mingi utamaduni huo haukumsumbua mtu. Ulikuwa na mlinzi aliyelala mchana kutwa, na paka. Kisha mkatuletea meneja mpya, Ustadhi Wagih, na matatizo yote nitakayoyaeleza hapa yalianza siku bwana huyu alipoamua kuufungua mlango.

Usinielewe vibaya. Sina uadui na utamaduni. Nina redio. Lakini utamaduni una mahali pake, napo ni Kairo, ambako kuna watu wanaolipwa kuuvumilia. Sisi huku tuna vitunguu vya kuvuna. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kila Alhamisi baada ya sala ya magharibi, nyuma ya ukuta wa jiko langu, hukusanyika washairi. Nasema washairi, sisemi wasikilizaji, kwa kuwa wasikilizaji hawapo. Kila aliyemo ukumbini ana karatasi mfukoni, na kila mmoja anamvumilia mwenzake kama watu walio kwenye foleni ya mkate: hakuna anayempenda aliye mbele yake, anangoja tu amalize aondoke.

Kinara wao ni Daktari Bahgat, daktari wa mifugo, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mfereji. Alhamisi moja nilikuwa natwanga kitunguu saumu cha kuunga mlenda, nikamsikia akisoma shairi la mpenzi aliyemwacha. Sasa, wewe unajua, au angalau unapaswa kujua, kwamba katika Kiarabu fasaha kiima na yambwa hutambulikana kwa irabu ya mwisho. Daktari akazibadilisha. Matokeo yake ni kwamba yeye ndiye aliyemwacha yule mwanamke, halafu akaendelea kulia ubeti baada ya ubeti kama mtu aliyeonewa. Mkono wangu ulikuwa na mchi. Nikagonga ukuta mara moja, kama nilivyokuwa nikigonga meza darasani.

Kisha nikamsikia Daktari akisema, kwa sauti iliyojaa unyenyekevu wa uongo, "Mabwana, jirani yetu ameguswa." Wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo kila nilipogonga kosa, wao walihesabu sifa. Wakafika mahali pa kushindana nani amegongewa zaidi. Mwalimu mmoja wa hesabu aligongewa mfululizo katika shairi la kumsifu mama yake, akatoka pale anafuta machozi ya furaha. Nikaona huu ni upotoshaji wa umma. Nikamvizia Daktari Bahgat barabarani.

"Daktari," nikamwambia, "pale ninapogonga ndipo unapokosea."

Akasimama. "Kote?"

"Kote."

"Hata pale kwenye mwezi?"

"Pale kwenye mwezi nilikaribia kuvunja ukuta."

"Mwalimu, lakini mshairi ana uhuru wake."

"Na ng'ombe wa watu unawadunga sindano kwa uhuru huohuo?"

Nilitarajia akasirike tumalizane. Badala yake Jumatano iliyofuata alikuja mlangoni kwangu, viatu vimejaa matope ya zizini, ameshika shairi jipya, akaniomba nilisahihishe kabla halijasomwa. Wenzake wakafuata. Sasa Jumatano yangu yote inaliwa na wino mwekundu. Zamani nilikuwa nayasikia mashairi mabovu mara moja tu, tena bure. Leo nayasoma, nayasahihisha, nabishana na wenyewe mlangoni, halafu kesho yake nayasikia tena kupitia ukutani, na la kuudhi zaidi ni kwamba sina pa kugonga.

2. Ustadhi Wagih ni mtu wa aina ile anayekuja kuomba kitu baada ya kitu chenyewe kubebwa. Kochi langu la mahogani, ambalo baba mkwe wangu aliletewa kutoka Aleksandria, limekuwa kiti cha enzi. Mapazia ya sebuleni yamekuwa joho. Nilipomuuliza, aliweka mkono kifuani.

"Mwalimu wangu, ni amana."

"Amana mtu hukabidhiwa, Ustadhi. Hizi umezichukua."

"Basi ni amana iliyojikabidhi yenyewe," akasema, akaniuliza kama nina sinia la shaba.

Sitaki kusema zaidi juu ya sinia.

3. Mwezi wa tatu walifanya maonyesho ya uchoraji. Mchoraji wao ni karani wa ofisi ya umwagiliaji, kijana ambaye hajawahi kumwangalia mtu usoni, na sasa nimejua sababu: huwa anaangalia kwa kuibia. Alitundika ukutani picha kubwa iliyoitwa "Mwanamke wa Delta". Mwanamke huyo yuko peku, kando ya mfereji, na mtungi kichwani. Nyusi ni zangu. Kila mtu aliona ni zangu. Mheshimiwa, mimi sijawahi kubeba mtungi. Nyumba yetu ilikuwa na bomba kabla sijazaliwa, na peku sijatembea hata nikiwa chumbani. Lakini tangu maonyesho hayo, mchinjaji wa sokoni, ambaye mkewe alirudia darasa langu mara mbili, kila akiniona huniuliza mbele za watu: "Karibu, Mwalimu. Leo mtungi umeuacha wapi?"

4. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ndugu yangu Lutfi ni mdogo wangu. Alikuwa mtu wa reli, mwongoza ishara katika kituo chetu mpaka alipostaafu. Mke wake Nadra alipofariki, na kwa kuwa Mungu hakuwajalia watoto, nikamleta kwangu. Mheshimiwa, sijawahi kuona mtu anayefaa kuishi naye kama Lutfi wa wakati ule. Hakuwa na sauti. Asubuhi unamwacha kwenye kiti, jioni unamkuta palepale. Ukimpa chai anakunywa, usipompa haulizi. Ukimwambia, "Lutfi, leo kuna baridi," anajibu, "Ndiyo." Kesho ukimwambia kuna joto, anajibu, "Ndiyo." Nilikuwa na utulivu ambao wanawake wengi wa mji huu wanauomba kwa Mungu na hawaupati. Nilikuwa naweza kula chakula chote cha jioni nikisikia meno yangu mwenyewe.

Siku moja Wagih akaja kuazima taa. Akamwona Lutfi. Akamtazama kwa muda mrefu, akazunguka kidogo amwone na upande wa pili, kisha akaninong'oneza.

"Mwalimu, huyu bwana ana shughuli Jumanne?"

"Huyu hana shughuli mpaka Siku ya Kiyama."

"Tunatafuta maiti. Katika mchezo wetu kuna maiti anayelala jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho. Vijana wote tuliowajaribu wanacheka."

"Mchukue," nikamwambia. "Maiti bora kuliko huyu hutampata."

Nilisema kwa mzaha, na Lutfi alikuwa anasikia. Akainuka, akavaa koti lake la reli, akatoka na Wagih. Sikuamini macho yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka bila kusukumwa, tangu mazishi.

Alilala vizuri sana. Watu walimsifu. Lakini katika onyesho la mwisho, wakati mjane akimlilia, Lutfi akapiga chafya. Ukumbi ukaangua kicheko. Nilidhani amekwisha, atarudi nyumbani amefedheheka na sisi tutarudia maisha yetu. Badala yake, tulipokaa kula, alishusha mkate wake, mabega yakaanza kutikisika, na ikatoka sauti. Nikamgonga mgongoni nikidhani amepaliwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, kitambaa changu kilichotarizwa, na akasema, "Dada, ungeuona uso wa yule mjane."

Basi huo ukawa mwisho wa amani yangu. Katika mchezo uliofuata, ambao Wagih aliutunga mwenyewe, Lutfi akapewa kuwa sultani. Mtu aliyekuwa anasema "ndiyo" mara mbili kwa siku alirudi nyumbani na karatasi rundo zima za maneno, na mahali alipochagua pa kujifunzia ni jikoni kwangu, kwa sababu, anasema, mwangwi wa sufuria unamsaidia. Namwekea dengu, anainua kijiko juu na kukitazama.

"Hiki ndicho wanachokula raia wangu?"

"Raia wako ni mimi," namwambia, "na hizo ni dengu. Kula."

"Basi na wapunguziwe kodi," anasema, anakula sahani mbili.

Amepaka nywele rangi nyeusi, akatokea kama mtu aliyemwagikiwa na lami. Amekuwa na maoni. Nikisema kuna baridi, ananiambia hapana, ni upepo tu. Chumvi imezidi. Redio ipunguzwe. Ananijibu kwa Kiarabu fasaha chenye irabu zote za mwisho mahali pake, na hapo ananiweza kabisa, kwani mimi ndiye niliyemfundisha utotoni, na kumsuta siwezi. Jana amenirekebisha mimi. Mbele ya muuza samaki. Nitalitaja neno lenyewe kama Mheshimiwa atanilazimisha, lakini naomba usinilazimishe.

Nakuuliza: ni nani aliyewapa watu wako ruhusa ya kuchukua mtu mtulivu kutoka katika nyumba ya wenyewe na kumrudisha akiwa hivi?

5. Usiku wa mchezo wenyewe, ambao unaujua kwa kuwa kamati iliyokuja ilitoka ofisini kwako. Ustadhi Wagih aliposikia kamati inakuja, alihangaika kutafuta watazamaji. Alileta darasa zima la wanafunzi wa chuo cha ufundi, akaleta askari wa zimamoto pamoja na kofia zao, akawaleta washairi wote na kuwaapisha wasisome chochote. Viti vikabaki. Akaja kwangu.

"Mwalimu, ni kukaa tu. Usipige makofi ukitaka."

"Sitapiga."

"Wala usigonge."

Nikakaa mstari wa tatu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mbele yangu, bwana mwenye kikohozi, aliyefungua daftari kabla pazia halijafunguliwa na kuandika jambo ambalo hadi leo sijui lilikuwa nini. Lutfi akatoka, amevaa mapazia yangu, akaketi juu ya kochi langu. Nakiri kwamba mapazia yalimkaa vizuri zaidi kuliko yalivyowahi kukaa dirishani.

Mambo yalikwenda mpaka kwenye baraza la hukumu. Waziri aliyemsaliti sultani kwa gunia la ngano amepiga magoti, analia, naye ni mfamasia wetu, ambaye analia vizuri kwa kuwa anadaiwa kodi ya kweli. Ni zamu ya sultani kuhukumu. Lutfi akainua mkono. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Tulingoja. Wanafunzi wakaanza kusukumana. Mwenyekiti akakohoa na kuandika. Wagih, nyuma ya pazia, alikuwa anamnong'oneza maneno lakini alikuwa ananong'oneza ukurasa mwingine. Nami nikamwangalia ndugu yangu. Mheshimiwa, uso ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku tuliyomzika Nadra, Lutfi alipogeuka pale kando ya kaburi na kunitazama kana kwamba mimi nimebeba neno linalofuata. Siku ile sikuwa nalo.

Safari hii nilikuwa nalo. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia wakati namenya, wakati naosha, wakati nakaanga; nayajua kuliko dua zangu. Nikasema palepale nilipokaa, kwa sauti ya darasani, ambayo sina nyingine:

"Mwacheni aende. Alinisaliti akiwa na njaa, nami siwezi kumhukumu nikiwa nimeshiba."

Watu wote wakageuka. Lutfi akaninyooshea kidole, na maneno aliyosema hayakuwa katika karatasi yoyote.

"Nani huyo anayesema katika baraza langu?"

Ningefanya nini? Nilisimama. "Dada yako."

"Na kwa nini dada wa sultani amekaa mstari wa tatu?"

"Kwa sababu sultani amekalia kochi lake."

Wazima moto walianza. Wanafunzi wakadakia. Daktari Bahgat alicheka mpaka kiti kikavunjika, kiti cha serikali, nacho kimo katika gharama zako. Lutfi alingoja kicheko kitulie, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, kisha akasimama, akamwinua yule waziri kwa mkono, akarudia hukumu yote kwa utaratibu, neno kwa neno, bila kosa hata la irabu moja. Hakuna aliyekohoa. Hata yule mwenye kikohozi.

Sasa sikiliza dharau iliyofuata. Kamati yako iliandika, na nakala imebandikwa mlangoni, kwamba mchezo umefanikiwa kwa "ubunifu wa kuingiza sauti ya umma kutoka kwa watazamaji". Mimi si sauti ya umma. Mimi ni Insaf Abdelmawgud. Na Wagih akachapisha matangazo mapya ya maonyesho yatakayorudiwa, jina langu limo, limekosewa. Nimelikuta limekosewa mtaa mzima, kuanzia kituo cha treni mpaka msikiti, na imenibidi nitembee na kalamu nyekundu, nikisahihisha tangazo moja baada ya jingine, na wanafunzi wangu wa zamani wananipita na kuuliza, "Mwalimu, na wewe umeingia?"

Mheshimiwa, kwa haya yote utasema onyo linatosha. Halitoshi, na nitakueleza kwa utaratibu.

Mtu akishaonja makofi hawezi tena kurudi kwenye kazi yake. Mfamasia sasa anakupa dawa ya kikohozi huku analia. Daktari Bahgat aliitwa kwa ng'ombe anayezaa, akafika amechelewa, akasema alikuwa anatafuta kina cha mwisho. Ndama alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini ameitwa Kina. Mwoka mikate ameomba nafasi katika kwaya. Wazima moto wamemuuliza Wagih kama mchezo ujao una moto. Kwa mwendo huu, mwaka mmoja hautapita kabla mji mzima haujawa jukwaani, na kwenye viti hapatabaki mtu. Itabidi serikali ituletee watazamaji kutoka mkoa wa jirani, kwa treni. Treni zitahitaji mwongoza ishara. Mwongoza ishara pekee tuliyekuwa naye ni sultani. Treni zitagongana, Mheshimiwa, na damu hiyo itakuwa juu ya meza yako, karibu na gilasi ya chai.

Kwa hiyo naomba rasmi Nyumba ya Utamaduni ya Kafr al-Rihan ifungwe, mlango wake uzibwe kwa tofali, na jengo ligeuzwe ghala la vitunguu. Kitunguu nakijua. Kina harufu, kinamliza mtu, lakini hakisomi.

Nisalimie familia yako yote, na mkuu wa mkoa ukimwona, na wajumbe wa kamati, hasa yule mwenye kikohozi, umwambie ajaribu maji ya majani ya mpera. Nawasalimu makarani wa masjala watakaoipoteza barua hii, na wale watakaoiokota. Ndugu yangu anakusalimu pia, ingawa hajui nimekuandikia, na kwa sasa anasalimu watu kwa kuinua mkono kama anayebariki jeshi.

Wako katika haki na sarufi,

Insaf Abdelmawgud
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza. Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii walipokuja watu wawili kutoka ofisi fulani, wakaifunga Nyumba kwa mnyororo na kuibandika lakiri nyekundu. Sijui ni nani aliyewaandikia kabla yangu. Walisema jengo litachunguzwa kama ni salama. Nikawauliza nusu yangu mbona haichunguzwi, na ukuta ni mmoja. Wakaniambia nusu yangu haijapata mpangaji. Hapo nikaelewa kwamba nusu ya pili imeshapata.

Lutfi alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Nikamwambia chumvi imezidi, nilikuwa nimeizidisha kwa makusudi. Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia kuna joto, na mvua ilikuwa inanyesha. Akasema, "Ndiyo." Nikamwekea dengu, akazila.

Alhamisi nikasikia sauti za watu nje. Washairi wote walikuwa wamesimama kwenye mvua mbele ya ule mnyororo, Daktari Bahgat ameficha karatasi zake ndani ya koti la kuzalishia ng'ombe. Wagih akanisogelea.

"Mwalimu, hatuombi kitu. Tumekuja kuaga tu."

Kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa haombi kitu, na sikupenda hata kidogo jinsi ilivyosikika. "Ingieni," nikawaambia. "Mnaniharibia sura ya mlango." Wakaingia na matope yao. Walisoma wote, wakakosea wote. Yule mwalimu wa hesabu alikuwa katikati ya makosa yake nilipomsikia Lutfi, kutoka kwenye kiti chake, akisema polepole, "Hapana. Hiyo ni yambwa." Mwalimu akamwomba arudie, naye akarudia, akasogeza kiti mbele, akaichukua ile karatasi mkononi mwake.

Malalamiko yote hapo juu ni ya kweli na nayaacha kama yalivyo, kwa kuwa barua imepangika vizuri na sioni sababu ya kuichana. Ila mahali nilipoandika "ifungwe", tafadhali soma "ifunguliwe", na mpaka hapo itakapofunguliwa, barua hii ipokelewe kama ombi la kibali cha mikutano ya hadhara katika sebule yangu, kila Alhamisi, pamoja na mchezo wa kuigiza mara moja kwa mwezi. Majibu yako, yawe ya kukubali au ya kukataa, yatasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kwa hiyo naomba uwe mwangalifu sana na irabu za mwisho.